Jina Kabla ya Mchoro: Jinsi Michoro ya Udhibiti wa Umeme Ilivyohamia Katika Jedwali

Makala haya yahusu mchoro wa udhibiti wa umeme, yaani karatasi ionyeshayo jinsi swichi, rilei, fyuzi na mota za mtambo zinavyounganishwa ili mtambo uwake, usimame, au ujizime wenyewe penye hatari. Siku hizi michoro mingi ya namna hiyo haitoki mkononi mwa mchoraji. Programu ya kompyuta husoma lahajedwali na kuichora. Mabadiliko hayo huelezwa mara nyingi kama habari ya mashine. Kwa maoni yangu ni habari ya majina kwanza, nayo yawahusu watu wa istilahi kama yanavyowahusu mafundi.

Michoro ya mwanzo ilifuata umbo la kitu. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya koili. Basi ilichorwa kama ilivyokaa ndani ya kabati, koili na kontakti zake zote mahali pamoja, na nyaya zikatambaa toka kifaa hadi kifaa. Rilei zilipozidi, hasa katika mitambo ya simu na ya ishara za reli, mchoro ukawa kama wavu uliotatizika. Ndipo ikaenea desturi ya kutenganisha: koili ikachorwa katika saketi yake, na kila kontakti ikachorwa katika saketi inayoitumikia, hata kama ni ukurasa mwingine kabisa. Kilichobaki kuziunganisha ni jina tu: K5 kando ya koili, K5 kando ya kontakti. Jina likachukua kazi iliyokuwa ya mstari. Mimi huiona hatua hii kuwa kubwa kuliko zote zilizofuata, ijapokuwa haikuhitaji mashine yoyote.

Mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, alionyesha katika tasnifu yake, iliyochapishwa mwaka 1938, kwamba saketi ya rilei yaweza kuandikwa kwa aljebra ya George Boole, ikarahisishwa kwa hesabu, kisha ikachorwa. Maana yake ni kwamba mchoro ni namna mojawapo tu ya kuisoma habari iliyokwisha andikwa. Hata hivyo wachoraji waliendelea na penseli na rula kwa miongo kadhaa.

Vifaa vya kuitumia fikra hiyo vilikuja kimoja kimoja. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, naye wa MIT, alieleza programu yake ya Sketchpad, ambamo alama iliweza kuchorwa mara moja na kunakiliwa mara nyingi. Ukirekebisha ya asili, nakala zote hufuata. Mwishoni mwa miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilianza kuweka vidhibiti vinavyopangiwa programu badala ya rilei nyingi, na kila waya uliongia au kutoka katika kidhibiti ukapewa namba yake katika orodha. Orodha ni jedwali tayari. Lahajedwali ya VisiCalc ikatokea mwaka 1979, na programu ya kuchora ya AutoCAD mwaka 1982. AutoCAD ilikubali kusomewa amri kutoka faili la maandishi ya kawaida, na hapo mlango ukafunguka.

Tuchukue mathalan kituo chenye pampu thelathini zinazowashwa kwa saketi ya namna moja. Mhandisi huandaa mchoro mmoja wenye nafasi tupu. Katika lahajedwali kila mstari ni pampu moja, na safu zake hutaja jina la pampu, nguvu ya mota, ukubwa wa fyuzi, namba za nyaya na namba ya ukurasa. Programu hushuka mstari kwa mstari, huchukua mchoro ule, hujaza nafasi na kutoa kurasa thelathini. Orodha ya nyaya na ya vifaa vya kununua hutoka katika jedwali lilo hilo.

Lakini mchoraji wa zamani alikuwa na macho. Akikuta “Pampu 3” hapa na “Pampu ya 3” pale, alitambua kuwa ni moja. Programu huhesabu mbili, na kontakti hubaki bila koili yake. Herufi nazo zina mitego. Katika michoro ya desturi ya Marekani M ni kontakta, ile swichi kubwa inayowasha mota. Katika desturi ya Ulaya M ni mota yenyewe. Isitoshe, kwa kanuni za kimataifa zilizokuwapo zamani kontakta hiyo ilipewa K na taa ya ishara H; kwa kanuni za IEC 81346 ni Q na P. Fundi anayefuata jedwali lililochanganya desturi hizi aweza kufungua kifaa akidhani hakina umeme.

Kwa upande wetu, herufi hizo zisitafsiriwe kamwe. Kiswahili kina nafasi katika safu ya maelezo, nako twakutana na mazoea yetu ya kuweka visawe viwili vilivyotenganishwa kwa mkwaju. Katika orodha ya istilahi mazoea hayo huvumilika, msomaji huchagua. Ndiyo maana tumeishi na kompyuta, tarakilishi na ngamizi kwa wakati mmoja pasipo mtu kuumia. Katika jedwali linalochora, kila kisawe ni kifaa kipya.

Lahajedwali lenyewe ni neno zuri, kwani laha na jedwali hueleza kitu kama kilivyo. Siwezi kusema hivyo kuhusu kontakta na kontakti, ambazo hutofautiana kwa irabu moja tu, ilhali moja ni kifaa kizima na nyingine ni sehemu yake. Ningependekeza kontakta ibaki, kwa kuwa mafundi wameizoea, na kontakti iitwe mguso.