Bunduki Ilikuja kwa Jahazi, Risasi Ikabaki Kazi

Januari 2025 ilitimia miaka 150 tangu manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, zilipoipiga Ngome ya Yesu kwa mizinga ili kumtoa Muhammad bin Abdallah Bakhashweni, ambaye wenyeji wa Mombasa humkumbuka zaidi kwa cheo chake, al-Akida. Kama kuna aliyeiadhimisha siku hiyo, mimi sikualikwa. Mji wa Kale una historia nyingi kuliko ratiba ya sherehe, na hii si ya kwanza kupita kimya.

Mtu akisimama kwenye lango la ngome kabla ya kuishika barabara ya Ndia Kuu, huona mizinga ya meli za kivita za 1914: mmoja wa Königsberg ya Wajerumani, mwingine wa Pegasus, meli ya Kiingereza ambayo Königsberg hiyo hiyo iliizamisha Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Watalii hupiga picha, watoto hupanda juu. Kisha wote huingia Ndia Kuu kununua vinyago. Mizinga yenyewe ni chuma kitupu. Swali ambalo halina kibao chake ni mizinga hiyo ililishwa nini, na nani aliyekuwa akiilisha. Nimeanza kuamini kwamba historia ya silaha katika pwani hii haiko kwenye mitutu kamwe. Iko kwenye baruti, gololi na fataki, na kwa mikono iliyovitengeneza.

Ushahidi wa kwanza ni wa 1505. Mreno Francisco de Almeida alipofika kuuteka mji, watu wa Mombasa walikuwa tayari na mizinga, waliyoiokoa kwenye meli ya Kireno ya Sancho de Tovar iliyokwama upande wa Malindi miaka minne kabla. Walimpokea Mreno kwa mizinga ya Mreno. Lakini kwa mujibu wa simulizi ya Hans Mayr, aliyekuwa kwenye msafara ule, meli ziliporudisha mashambulizi, baruti iliyokuwa kwenye ngome ndogo ya Waswahili ilishika moto, na walinzi wakaikimbia. Mizinga ilikuwapo, moyo ulikuwapo, ila ghala la baruti halikuwa na pa kujificha.

Yaliyofuata yanajulikana na kila mtoto aliyepelekwa ziara ya shule. Ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza 1593 kwa ramani ya Mtaliano Cairati. Mwaka 1631 mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hassan, alimuua kapteni wa Kireno na kuitwaa. Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 Waomani waliizingira, na maradhi yakaua wengi zaidi wa waliokuwa ndani kuliko risasi. Ndia Kuu yenyewe, ambayo Wareno waliiita Raposeira, ndiyo iliyokuwa ikiunganisha ngome na mji wao wakati wote huo.

Bunduki ya enzi zile, gobori, ilijazwa kwa mbele. Kwanza baruti, kisha kitambaa au nyuzi za kushindilia, kisha gololi ya risasi, yote yakasukumwa kwa mchi wa chuma hadi mwisho wa mtutu. Baruti ilikuwa ni shura, kiberiti na makaa, na mara nyingi ililetwa kwa chombo. Gololi ilitengenezwa popote penye jiko. Madini yake huyeyuka kwenye moto wa makaa ya kawaida, na yule yule aliyeyeyusha chubwi za mishipi yake angeweza kuyamimina kwenye kalibu ya vipande viwili na kupata gololi kabla ya chai kuiva.

Kazi ilikuwa kwenye kipimo. Hapakuwa na gobori mbili zenye tundu moja sawasawa. Gololi ikiwa kubwa, haiingii, au inakwama katikati na kumwacha mwenyewe na jiwe mkononi vita vikiendelea. Ikiwa ndogo, nguvu ya baruti inapita pembeni na gololi inatoka bila ari. Kwa hiyo bunduki na kalibu yake viliuzwa pamoja, na aliyepoteza kalibu alikuwa amepoteza nusu ya bunduki.

Kuhusu al-Akida ninamtegemea zaidi Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani, ambaye kitabu chake cha 1950 kiliukusanya mkasa huu pamoja na utenzi wa Abdallah bin Masud Mazrui. Hinawy anapenda watu na nasaba zao, fitina zao na barua zao. Risasi hazimshughulishi, na mimi nimemfuata hadi nilipochoka. Alichotuachia ni picha ya mtu aliyejifungia kwenye kuta nene, akimkaidi Sayyid Barghash wa Unguja. Ngome ilikuwa imeshapokea mizinga ya kila aina kwa karibu miaka 300. Ile ya manowari za 1875 ilikuwa na mabomu ya kizazi kingine, na al-Akida akasalimu amri.

Miaka 15 baadaye mataifa yalikutana Brussels, na hapo ndipo mambo yalipobadilika kweli. Mkataba wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu yote ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini. Gobori ziliruhusiwa, na baruti ya kawaida pia, lakini kwa kupitia ghala la serikali. Waliouandika walijua walichokuwa wakifanya. Mwenye gobori atajipigia gololi zake nyumbani, lakini funguo za baruti zitakuwa mfukoni mwa bwana forodha. Bunduki mpya, Snider na Martini-Henry zilizojazwa kwa nyuma, zilitumia risasi kamili iliyofungwa kiwandani: ganda, fataki, baruti na kichwa, kitu kimoja. Hiyo huwezi kuimimina jikoni. Mbarak bin Rashid Mazrui alipopigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, hadi akavuka kwa Wajerumani, alikuwa akipigana pia na hesabu ya kila risasi isiyoweza kurudi.

Kwa Wazungu na Wamarekani haikuwa hivyo. Huko ganda la shaba lililotumika liliokotwa na kujazwa upya, na tangu 1884 kampuni ya Ideal ya Connecticut iliuza koleo na kalibu za kazi hiyo kwa yeyote mwenye pesa. Mpaka leo wapiga shabaha wa Marekani hununua seti za kalibu za risasi za bastola, kwa kawaida tatu. Ya kwanza hulibana ganda lililotanuka kwa moto lirudi kipimo chake, ya pili huupanua mdomo wake kidogo, ya tatu hukikalisha kichwa kipya. Zenye pete ya kabaidi hazihitaji mafuta, ndiyo maana wengi huzichagua hizo. Lakini chaguo la kwanza ni lile lile la mwenye gobori: kalibu ya milimita 9 haina kazi kwenye bastola ya .45. Kilichokuwa starehe ya Jumamosi kule, huku kilikuwa ni jambo la serikali.

Lakini kazi hiyo iliwahi kufanyika upande wetu kwa wingi, tena kwa dhiki. Tarehe 14 Aprili 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, meli ya Kijerumani iliyojifanya ya Kidenishi, Kronborg, kwa jina lake halisi Rubens, ilikimbilia ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga, nyuma yake manowari ya Kiingereza Hyacinth. Kapteni wake, Carl Christiansen, alikuwa amepanga mbao juu ya shehena ili akikaguliwa aonekane mchuuzi. Aliikwamisha meli na kuacha mbao ziwake moto. Waingereza waliuona moshi, wakaona kazi imekwisha, wakaondoka. Chini ya moto ule kulikuwa na bunduki na risasi kwa mamilioni, na wapiga mbizi wakaanza kuzitoa.

Tatizo ni kwamba bahari ilikuwa imefika kwanza. Jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck, katika kumbukumbu zake alizozichapisha 1920, anasimulia kwamba baruti na fataki ziliharibika polepole, na risasi zilizokataa kulia zikazidi kuongezeka. Ikabidi kila moja ifunguliwe. Kichwa kikachomolewa, baruti ikamwagwa na kuanikwa, fataki mbovu zikabadilishwa kwa zilizopatikana nchini, ingawa hizo zilikuwa za muundo mwingine, kisha vyote vikarudishwa mahali pake. Kwa miezi, kwenye kambi ya askari ya Moshi Mpya, yaani mji wa Moshi wa leo, kila mkono uliopatikana ulifanya kazi hiyo kutoka asubuhi hadi usiku. Risasi ambazo hazikuguswa na maji zilihifadhiwa kwa ajili ya bombomu, yaani bunduki za rashasha, peke yake. Kati ya zilizotengenezwa upya, zile ambazo takribani 20 katika kila 100 zilikataa ndizo zilizopelekwa vitani. Zilizokataa zaidi ya hapo ziliachwa kwa mazoezi.

Hebu mtu afikirie kulala kwenye majani mbele ya adui akijua kwamba moja kati ya tano itamsaliti, na hajui ni ipi.

Lettow hakumtaja kwa jina hata mmoja wa waliokaa wakianika baruti ile. Anajisifu kwa uhodari wa kubuni, na msomaji anabaki akidhani vidole vilikuwa vyake. Hao ndio wangestahili kibao pale langoni, na si Moshi peke yake, kwani mizinga ile ya Königsberg na Pegasus yote iliwekwa magurudumu ikakokotwa bara, na makombora yake yalibebwa na mapagazi.

Mwisho wa vita unaieleza hadithi vizuri kuliko hotuba zozote. Lettow aliposalimisha silaha zake Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikabidhi bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno na risasi kama 208,000. Bombomu 30 kati ya 37 zilikuwa za Kiingereza. Walipochoka kufufua risasi za Kijerumani, walichukua bunduki za adui, kwa kuwa risasi za adui ndizo zilizokuwa zikipatikana.

Ya baadaye ni mafupi. Ngome ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, ikawa makumbusho chini ya James Kirkman, na mwaka 2011 ikaingia kwenye urithi wa dunia. Kenya huru ilijenga kiwanda chake cha risasi Eldoret, mbali na bahari. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti cha mwenye bunduki kitaje na kiasi cha risasi anachoruhusiwa kununua na kuwa nacho kwa wakati mmoja, hesabu ambayo bwana forodha wa 1890 angeielewa bila mkalimani.

Ndani ya ngome, katika vyumba vya maonyesho, viko vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanna, meli iliyozama chini ya kuta hizo mwaka 1697 na kuchimbuliwa kuanzia 1977. Makumbusho wangetenga kabati moja tu kwa ajili ya kalibu, gololi na fataki, na maelezo yake yawe kwa Kiswahili kwanza.