Kilua kifuani

Harufu ya kilua ilinirudia mwaka jana, usiku wa kupamba harusi ya binti wa jirani yetu. Ukumbi ulijaa wanawake, kila mmoja na manukato yake ya chupa, na chetezo kilifuka udi mpaka macho yakaanza kuwasha. Akapita bibi mmoja mtu mzima, taratibu, na nyuma yake ikabaki harufu tamu na nzito, kama tunda lililoivia mtini. Niliacha sahani yangu nikamfuata mpaka mlangoni.

"Shikamoo, bibi. Samahani, hicho ulichokivaa ni kikuba?"

"Marahaba." Akafungua pini kifuani, akanitolea. "Nusa, mwanangu. Kilua hicho."

Nilikuwa sijakinusa tangu nyanya yangu afariki, na hiyo ni miaka mingi. Nikasimama pale mlangoni nikiwa mtoto wa miaka saba.

Nyanya alikuwa akikaa Mji wa Kale, Mombasa, na kikuba chake cha Alhamisi jioni kilianza mapema. Maua ya asumini aliyachuma baada ya swala ya alasiri, yangali yamefumba, na aliyefumbua macho yake asubuhi na mapema akamchumia yaliyokwisha kuchanua alirudishwa nayo. Alitaka yafumbuke usiku, yakiwa kifuani mwake. Alikata utepe wa mkadi, akaukunja mara mbili uwe kitako. Juu yake akapanga kijitawi cha rehani, majani mawili matatu ya waridi, kisha asumini kwa duara. Kilua kilikuwa cha mwisho. Alikishika kwa ncha za vidole, akakisokomeza katikati, akazungusha uzi na kuukata kwa meno. Mikono yangu niliambiwa niiweke nyuma, maana mtoto akikifinyafinya, ua huwahi kusinyaa. Mkadi uliobaki ulitiwa sandukuni baina ya leso. Akioga, akajifunga leso mpya, akabandika kikuba, na kabla ya isha nyumba nzima ilijua kwamba leo nyanya hataki kuulizwa habari ya vyombo.

Kwetu harufu zina wakati wake. Kafuri ikinuka mlangoni, mtu hushusha sauti kabla hajaambiwa nani amefariki. Rehani ina nyuso mbili: imo kwenye kikuba, na imo juu ya kaburi, ndiyo maana mpaka leo siinusi bila moyo kusita kidogo. Udi huingia penye furaha na penye msiba. Kilua peke yake sijapata kukikuta matangani. Ni ua la mtu anayemsubiri mwenzake, na washairi wa mapenzi wanapomwita mpenzi kilua, hawana haja ya kufafanua.

Pwani hii tumezoea kusimuliwa kwa pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Harufu nayo ina historia yake. Al-Masudi, aliyesafiri bahari hii na kurudi Oman karibu mwaka 916, aliisifu ambari ya mwambao wa Zanji, ile inayotoka kwa nyangumi na kutupwa ufuoni na mawimbi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliletewa tambuu na popoo, kisha yeye na kadhi wa mji wakamwagiwa marashi ya mawaridi kutoka Damascus. Nilipolisoma hilo nilikiweka kitabu chini. Tambuu na marashi! Ndiyo tuliyopokewa nayo usiku ule ukumbini, karibu miaka 700 baadaye, na msichana aliyebeba mrashi alitunyunyizia mikononi mmoja mmoja.

Lakini ambari, udi na marashi viliandikwa kwa kuwa vililipiwa. Vilipimwa mizani, vikapanda majahazi, vikaingia hazina za masultani. Kilua kinachumwa leo, kesho kimechoka. Hakikumpa msafiri cha kuandika wala mfanyabiashara cha kubeba. Hata wanasayansi walichelewa kukipatia jina: ni mwaka 1970 ndipo mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipoutangaza mti wake kuwa jenasi mpya, akaiita Mkilua, kwa jina lile lile la wenyeji, na spishi akaiita fragrans, yaani inayonukia. Ni mti wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Nafurahi sana kwamba hakutafuta jina la mfalme wala la rafiki yake.

Mkilua ni wa ukoo wa mstafeli, na pia wa mlangilangi. Huyu ndugu wa mwisho alipata bahati nyingine. Alitoka Asia ya kusini mashariki, akapandwa Komoro, maua yake yakakamuliwa mafuta kwa mvuke, na mafuta ya langilangi yakawa sehemu ya Chanel No. 5, iliyotoka Ufaransa mwaka 1921. Komoro mpaka leo wanalitegemea zao hilo. Kilua kilibaki vifuani mwa nyanya zetu.

Chupa siilaumu, nami ninazo. Ila kikuba kinataka alasiri nzima, kinataka ua wa nyumba wenye mti, na kinataka mtu wa kurudi jioni. Alasiri tumeziuza kazini, nyua tumezijengea ghorofa, na misitu ya pwani tumeikata kwa mkaa na mashamba.

Yule bibi alinielekeza kwa mama anayeuza vikuba barazani kwake. Mara ya kwanza nilifika magharibi, nikaambiwa vilua vimekwisha. Mara ya pili niliomba ruhusa kazini, nikafika saa kumi. Kilikuwepo kimoja, kimefunikwa kwa kipande cha jani la mgomba kilicholowanishwa maji. Mkadi nilipata, rehani nilipata. Nilikifunga mwenyewe mezani jikoni. Uzi ulinikatikia mara mbili, na asumini zangu zilikaa upande. Nikajibandika juu ya dera la kushindia nyumbani, nikaendelea kukuna nazi.

Binti yangu alirudi chuoni giza likiingia. Alivua viatu, akasimama kizingitini, hakuingia.

"Mama," akaniita kwa sauti ya chini, "kuna mgeni?"