Ujamaa wa Kwanzaa na Ujamaa wa Isimani: Neno Moja, Historia Mbili

Sikukuu ya Kwanzaa iliasisiwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya ghasia za Watts. Wamarekani Weusi huiadhimisha kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari. Jina lake limetokana na kirai "matunda ya kwanza", likaongezewa irabu moja ili litimize herufi saba. Watoto hutandika mkeka, huwasha mishumaa, na huitikia salamu ya "Habari gani?" kwa kutaja nguzo ya siku. Vitabu navyo vilifuata: Moja Means One cha Muriel Feelings, kilichochorwa na Tom Feelings, kilitoka mwaka 1971 kikiwafundisha watoto hao kuhesabu hadi kumi kwa Kiswahili.

Nguzo ya nne, ya tarehe 29 Desemba, ni Ujamaa. Kwa Karenga, maana yake ni Weusi kuanzisha na kumiliki kwa pamoja maduka na biashara zao. Nyerere alikuwa amekwisha kulipa neno hilo uzito wa kisiasa mwaka 1962, na Azimio la Arusha likalifanya msingi wa sera ya taifa mwezi Februari 1967, wiki chache tu baada ya Kwanzaa ya kwanza.

Mkoani Iringa neno lilikuwa na sura nyingine. Huko Isimani, kaskazini mwa mji, wakulima walikuwa wamefyeka pori na kulima mahindi ya biashara, baadhi yao kwa matrekta. Tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Kleruu, aliyesimamia uanzishaji wa vijiji vya ujamaa, alimfuata mkulima Saidi Mwamwindi shambani. Wakagombana. Mwamwindi akampiga risasi, kisha mwenyewe akaupeleka mwili polisi mjini Iringa. Alihukumiwa kifo, akanyongwa. Siku nne baada ya mauaji hayo, mshumaa wa Ujamaa uliwashwa Marekani kama kila mwaka.

Si haki kulisoma tukio hilo kama kejeli kwa Kwanzaa. Kule, ujamaa uliwaita watu walionyimwa mali waanze kumiliki. Isimani uliwafikia watu waliokwisha kumiliki. Hata hindi linalowekwa juu ya mkeka kwa kila mtoto lina kalenda yake. Mbeya na Iringa mahindi hupandwa mvua zinapoanza, Novemba na Desemba, na huvunwa kuanzia Mei. Wakati wa Kwanzaa ghala linapungua, na shambani kazi ni kulima.