Mikwaruzo

Nilipoacha chuo nilikuwa na hesabu nyingi za injini kichwani, na sikuwa nimewahi kufungua hata moja. Ya kwanza ilikuwa ya nduthi ya brathe, pale Kawangware 46. Ilitoa moshi wa buluu, ilikunywa oili kama chai, na mkopo ulikuwa umebakisha miezi saba.

Fundi akatoa silinda, akaielekeza kwenye mwanga. Ukuta wa ndani uling'aa kama kioo. Mimi nikafurahi.

"Hiyo ndiyo shida, kijana," akasema. "Imekuwa laini sana. Oili inashikilia wapi?"

Akapima, akaona haijapanuka. Akachukua drili yenye mawe matatu madogo, akamwaga dizeli, akawa anaipandisha na kuishusha huku ikizunguka. Ukutani kukabaki mikwaruzo myembamba inayokatana kama mkeka. Oili hukaa humo, na ringi mpya husuguana nayo kidogo hadi zikubaliane na ukuta. Mikwaruzo ikiwa mikali mno, hula ringi. Kisha akaosha kwa sabuni, akapangusa hadi kitambaa cheupe kikatoka cheupe, maana unga wa jiwe ukibaki humaliza injini.

Chuoni, historia ya injini Kenya ilikuwa Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Moi alikiambia Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata kama ni baya na la polepole. Mwaka 1990 yakazinduliwa matano, na yalifika kilomita 120 kwa saa. Pesa za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana. Tukaisimulia kama tanzia, tukafunga kitabu.

Lakini mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilikuwa imeshasema kwamba mafundi wa vibandani wanazalisha vizuri, ila serikali inawahangaisha. Ndio hao tunaowaita jua kali. Ujuzi wao haukuzinduliwa na yeyote. Ulipita mkono kwa mkono, na haujawahi kusimama.

Nikamuuliza fundi mikwaruzo inakatana kwa digrii ngapi. Akavusha kidole juu ya kingine: "Hivi."

Usiku nikapima kwenye picha niliyopiga kwa simu. Ilikaribia 45, ile ile ya kitabuni.

Asubuhi brathe akawasha nduthi. Hakukuwa na moshi. Akaenda kutafuta pesa ya mkopo.