Mrehani wa Kikuba, Kivumbasi cha Handeni



Leo tuzungumze historia ya harufu. Mrehani tunaoutia kwenye kikuba umetajwa katika Qur'ani, Surat Ar-Rahman. Ukivuka bahari ukafika Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, utawakuta ndugu zake, vivumbasi. Matawi yake hutundikwa ndani au huchomwa ili moshi ufukuze mbu. Kwa macho yanafanana, lakini mafuta yaliyomo si mamoja.

Kuitoa harufu kwenye mmea ni elimu ya zamani. Karne ya 9, al-Kindi wa Iraq aliandika kitabu kuhusu kutengeneza manukato na kukusanya mvuke wa vitu vyenye harufu. Wakati ule harufu ilipimwa kwa pua tu.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea Amani, milima ya Usambara Mashariki. Mwaka huohuo reli kutoka Tanga ilifika Korogwe. Amani walipanda miti ya kigeni yenye faida, mkafuri wa Asia ukiwemo. Kumbe kafuri, hii tunayotia kwenye maji ya kumuoshea maiti, imo pia ndani ya kivumbasi cha Afrika Mashariki, kile ambacho wataalamu wamekipa jina la Kilimanjaro: Ocimum kilimandscharicum.

Mwaka 1952, Uingereza, James na Martin walitangaza kromatografia ya gesi. Mafuta hugeuzwa mvuke, hupitishwa kwenye mrija, na kila kiungo hutoka kwa zamu yake kikahesabiwa. Kwa njia hiyo ilionekana kwamba Ocimum suave, kivumbasi kingine, mara nyingi kina yujenoli kwa wingi, kiungo kilekile kinachoipa karafuu yetu ukali wake. Tena mmea mmoja hubadilika kwa mbegu, udongo na msimu.

Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Eliningaya Kweka walichapisha utafiti wa mimea ya kufukuza mbu kaskazini-mashariki mwa Tanzania, na vivumbasi hivi viwili vilikuwemo. Walichokijua bibi zetu kwa moshi kikaandikwa kwa vipimo.

Faida yake ni nini? Tazameni Kakamega, Kenya. Wakulima wa kikundi cha Muliru, wakisaidiwa na kituo cha icipe, wanakamua mafuta ya kivumbasi chenye kafuri na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Jani lililopimwa linapata bei. Mama wa Handeni au Korogwe mwenye kivumbasi uani ana mali, ila anayeuza fungu la majani bila kujua kilichomo atapangiwa bei na mnunuzi.

Na wewe bi harusi, jambo hili linakugusa. Yujenoli isiyochanganywa na mafuta mengine huunguza ngozi. Neno "asilia" kwenye chupa halikwambii kiasi kilichomo. Sisi mafundi cherehani hatukati kitambaa cha watu kwa kukisia, tunashika tepu kwanza. Basi muulize muuzaji: ni mmea gani, umechanganywa na nini, umepimwa wapi? Akishindwa kukujibu, ngozi yako isiwe mahali pa kujaribia. Kikuba cha mrehani mbichi kinakutosha, na kina baraka zake.