Dakika Kumi baada ya Sindano ya Mgongo: Presha ya Mama katika Upasuaji wa Uzazi Kilosa

Mjamzito wa Chanzuru ambaye uchungu umegoma ana nafuu moja kuliko mwenzake wa vijiji vya milimani Ukaguru: hospitali ya wilaya iko Kilosa mjini, si mbali na kata yake. Wa upande wa kusini ana Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, jirani na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa. Popote atakapofikishwa, ikiamuliwa apasuliwe na hali yake ikiruhusu, huenda akakalishwa kwenye meza ya upasuaji, akaambiwa ainame, kisha akachomwa sindano ya mgongo. Baada ya dakika chache miguu inakuwa mizito. Katika dakika hizo hizo presha yake inaanza kushuka.

Kushuka huko si ajali wala mkosi wa mgonjwa mmoja mmoja. Kinga isipotolewa, huwapata zaidi ya nusu ya wanawake wanaopasuliwa kwa ganzi hiyo, na tafiti kadhaa zimehesabu saba kati ya kumi. Jambo linalojulikana kwa kiasi hicho lilipaswa kuwa limekwisha kudhibitiwa. Hoja ya makala haya ni kwamba katika hospitali za wilaya kinachoamua usalama wa mama ni kama kuna mtu ambaye kazi yake, kwa dakika zile za mwanzo, ni kumtazama yeye tu. Aina ya dawa iliyopo kabatini huja baadaye.

Kwanza sindano yenyewe itendewe haki. August Bier aliitumia mjini Kiel mwaka 1898 kwa kokeini, na miaka miwili baadaye Oskar Kreis wa Basel akaitumia kwa wanawake wenye uchungu. Leo dawa inayotumika zaidi ni bupivakaini nzito. Uchambuzi wa Soha Sobhy na wenzake, uliochapishwa katika The Lancet Global Health mwaka 2016, ulikusanya takwimu za nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa ganzi ya mgongoni, vifo vya wajawazito vilivyosababishwa na ganzi yenyewe vilikuwa 1.2 kwa kila wanawake 1,000. Kwa usingizi kamili vilikuwa 5.9. Anayemshauri mama achague ganzi ya mgongo badala ya nusukaputi hajakosea. Hata hivyo 1.2 si namba ya kujivunia pale ambapo mgonjwa ni mwanamke kijana aliyeingia akizungumza.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Ganzi ikiingia kwenye maji ya uti wa mgongo hunyamazisha mishipa ya fahamu ya maumivu, lakini hunyamazisha pia ile inayoibana mishipa ya damu. Mishipa hiyo inalegea, damu inatuama miguuni na tumboni, na inayorudi kwenye moyo inapungua. Ili mama asisikie kisu, ganzi lazima ipande hadi usawa wa chuchu, na kadiri inavyopanda ndivyo mwili unavyopoteza uwezo wa kujitetea. Juu ya hayo mfuko wa uzazi uliojaa unaukandamiza mshipa mkubwa wa kurudisha damu pale mama anapolazwa chali. Ndiyo maana ya kuinamisha meza kushoto, au kuweka shuka iliyokunjwa chini ya nyonga ya kulia: jambo lisilogharimu hata shilingi, na linalosahaulika mara nyingi kuliko inavyostahili.

Mama huwa wa kwanza kujua. Anapiga miayo, anatoka jasho, anasema kichefuchefu kimemjia au anaona giza. Kutapika mezani mara nyingi ni presha inayoomba msaada. Kumpa dawa ya kutapika bila kupima presha ni kutibu ujumbe na kuuacha ugonjwa. Mtoto hana sauti. Mishipa ya kondo la nyuma haiwezi kujirekebisha yenyewe presha ya mama inaposhuka, kwa hiyo damu inayomfikia mtoto inapungua sambamba, na akicheleweshwa huzaliwa amechoka, damu yake imejaa asidi.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa maji. Lita moja ya dripu kabla ya sindano, na roho zikatulia. Ni Durban, Afrika Kusini, ambako Rout na wenzake waliipima imani hiyo mwaka 1993: asilimia 55 ya waliopewa maji kwanza walishuka presha, na asilimia 71 ya wasiopewa. Maji yalisaidia kidogo. Zaidi ya nusu ya waliojazwa maji walishuka presha vilevile, na hilo lingetosha kuwaondolea watumishi dhana kwamba chupa iliyokwisha ni kinga iliyokamilika. Maji yanayotiririshwa kwa kasi wakati ganzi inashika yana faida zaidi, ila nayo hayatoshi bila dawa ya kubana mishipa.

Kuhusu dawa, makubaliano ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Anaesthesia, ambayo Robert Dyer wa Cape Town alikuwa miongoni mwa waandishi wake, yanapendekeza fenilefrini itolewe mfululizo tangu sindano inapochomwa. Presha ya juu isipungue asilimia 90 ya ile ya mwanzo, na isiachwe kabisa ishuke chini ya asilimia 80. Mama aliyeingia na 120 asiteremke chini ya 108. Akigusa 96 ni dharura. Efedrini, dawa ya zamani, hupenya kondo na kumwongezea mtoto asidi, ingawa madhara yake kwa mtoto mwenye afya ni madogo.

Mezani Cape Town hoja hiyo ni nyepesi. Wilayani ina miba. Efedrini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa kazi hii hasa, lakini imo pia katika jedwali la kwanza la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya dawa za kulevya, kwa sababu hutengenezewa methamfetamini, hivyo ununuzi wake una vibali vingi. Fenilefrini huja katika ampuli ya miligramu 10, ilhali dozi ya mara moja ni kama mikrogramu 50 hadi 100. Ampuli moja ni dozi mia au zaidi, na kosa la kuchanganya linaweza kuua kuliko presha iliyokuwa inatibiwa. Adrenalini ipo karibu kila mahali, nayo ina mtego uleule. Ndiyo sababu kugombania jina la dawa bila kuuliza nani ameichanganya, lini, na ameandika nini kwenye bomba la sindano, ni mjadala wa nusu.

Turudi kwa huyo mtu wa kutazama. Shirikisho la dunia la madaktari wa usingizi linataka angalau wataalamu bingwa watano kwa kila watu 100,000. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, yaani wangehitajika zaidi ya 3,000. Nchi iko mbali na hapo, na kazi wilayani hufanywa zaidi na wauguzi waliosomea usingizi na madaktari wasaidizi. Mkoa wa Morogoro, ambamo Kilosa imo, una historia nzuri katika hili: chuo cha Ifakara kiliendesha mafunzo ya miezi mitatu kwa timu za vituo vya afya vya mbali, ili upasuaji wa uzazi ufanyike bila kusubiri bingwa. Nani alikuwa na mbadala bora?

Tatizo ni dakika ile mtoto anapotoka. Mtaalamu wa usingizi, ambaye mara nyingi yuko peke yake, huitwa kumsaidia mtoto asiyelia. Wakati huohuo mama anachomwa oksitosini ili mfuko wa uzazi ukaze, na dawa hiyo ikisukumwa haraka mshipani hushusha presha yenyewe. Uingereza ililijua hilo kupitia uchunguzi wa vifo vya uzazi wa 1997 hadi 1999, uliotaja kifo kilichohusishwa na yuniti 10 zilizotolewa kwa mkupuo kwa mama mwenye ganzi ya mgongo. Baada yake dozi ikapunguzwa hadi tano, polepole. Kwa hiyo mama anaachwa bila mlinzi pale anapomhitaji zaidi.

Kuna pia mama ambaye hakupaswa kuchomwa sindano hiyo. Aliyevuja damu nyingi njiani, au ambaye mfuko wa uzazi umepasuka, anaishi kwa sababu mishipa yake imejibana. Ukiilegeza, presha inaanguka bila pa kushikilia. Huyo anahitaji damu na ketamini. Kinyume chake, mwenye presha ya mimba kali, ambaye wengi humwogopa, hushuka presha mara chache kuliko mama mwenye afya. Uamuzi huu hufanywa na mtu, usiku, mara nyingi bila wa kumwuliza.

Tanzania imepiga hatua za kweli. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015–16, na mamia ya vituo vya afya sasa vina vyumba vya upasuaji. Jengo huonekana na kuzinduliwa; mtu wa pili pembeni ya kichwa cha mgonjwa haonekani kwenye taarifa yoyote. Vikao vya kujadili vifo vya wajawazito na watoto wachanga, vilivyowekewa mwongozo mwaka 2015, vinaweza kuanza na swali moja la ziada: presha ilikuwa ngapi katika kila moja ya dakika kumi za mwanzo, na nani aliiandika? Faili likikosa jibu, wilaya iangalie kwanza ratiba ya zamu ya chumba cha upasuaji. Pasipo na mtaalamu wa pili, mkunga afunzwe kumhudumia mtoto, ili wa usingizi asimwache mama. Mafunzo hayo ni ya siku chache, na gharama yake hailingani na ya ukuta mmoja wa jengo jipya.