Mshauri wa Afya Huchaguliwa, Haletwi

Ukipanda vilima vya Nyakarenzo, wilayani Rusizi, ukauliza mtoto mwenye homa hupelekwa kwa nani kwanza, hutaonyeshwa daktari. Utaonyeshwa nyumba ya jirani, mkulima kama wengine, mwenye sanduku la dawa na daftari. Kwa Kinyarwanda huitwa umujyanama w'ubuzima, yaani mshauri wa afya. Naona historia yake ingestahili kufundishwa darasani sambamba na ile ya wafalme.

Septemba 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati huo, yakatangaza kwamba huduma ya afya iwe karibu na pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Nchi nyingi zililipongeza tangazo hilo zikaishia hapo. Kwetu Rwanda, lilikuja kuwa jambo la lazima baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Madaktari na wauguzi wengi walikuwa wameuawa au wameikimbia nchi. Kutoka huku Cyangugu, umati wa watu ulivuka mto Rusizi kwenda Bukavu. Mwaka 1995 serikali ikaanzisha mpango wa washauri wa afya.

Uamuzi uliozaa matunda, kwa maoni yangu, ni huu: mshauri asiteuliwe na ofisi, bali achaguliwe na wanakijiji wenzake. Ajue kusoma na kuandika, na aaminike. Tazama kazi anayoifanya. Huuliza kama choo kinatumika na kama wote wamelala ndani ya chandarua. Huzungusha utepe wenye rangi kwenye mkono wa mtoto ili agundue utapiamlo mapema. Humhimiza mjamzito aende kliniki na ajifungulie kituoni. Maswali hayo yakiulizwa na mgeni, hujibiwa kwa adabu na kwa uongo. Jirani hadanganyiki, kwa kuwa choo chenyewe anakiona kutoka shambani kwake.

Baadaye akaongezewa tiba: kupima malaria kwa tone la damu, kuhesabu pumzi za mtoto anayekohoa, kutoa maji ya chumvichumvi na zinki kwa anayehara. Hali iliyomshinda humpeleka kwa wauguzi wa kituo cha afya. Malaria, hasa, si jambo dogo katika wilaya yenye bonde la Bugarama, lenye joto na mashamba ya mpunga.

Mwaka 2000, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 196 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa 2014–15 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 50. Sifa si ya washauri peke yao: zipo chanjo, vyandarua na bima ya mituweli. Lakini nani alibisha hodi nyumba kwa nyumba kuwakumbusha watu hayo yote?

Sasa, msomaji wangu, tuseme na lisilopendeza. Washauri hawa, zaidi ya 45,000 nchini kote, ni watu wa kujitolea. Hawana mshahara, malipo ya matokeo ya kazi huingia katika vyama vyao vya ushirika, ambavyo hufuga au hulima ili vipate faida. Ushirika ukilegea, mshauri hubaki na daftari lake tu. Hata hivyo, usiku mlango wake ukigongwa, huwasha taa na kuuliza mtoto ameanza kuugua lini.